Usiku wa Duru ya Pili

Maneno "duru ya pili" niliyasikia utotoni Bukavu kama mtu anavyosikia jina la ndugu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa: wakubwa wanalitaja, wewe humjui. Katika umri wangu nchi yetu imekwenda duru ya pili ya urais mara moja tu, tarehe 29 Oktoba 2006, kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Mama alipiga kura siku hiyo huku mimi, mtoto wa miaka minne, nikiwa nimeshika kitenge chake kwenye foleni. Hivyo ndivyo anavyosema, mimi sikumbuki. Januari 2011 katiba ikarekebishwa na duru ya pili ikaondolewa. Tangu hapo anayetangulia ndiye mshindi, hata kama wengi wamempigia mwingine. Mshindi wa 2018 alitangazwa kwa asilimia 38 na kitu. Ama meya, huyo hatukumpigia kura kabisa. Mameya wa Bukavu niliowasikia utotoni waliteuliwa kutoka juu. Siku moja unasikia redioni kwamba yule ameondoka na huyu amekuja, basi.

Kwa hiyo duru ya pili ya kwanza niliyoifuata mwenyewe, namba kwa namba, ilikuwa ya mji ninaoujua kwa simu tu: Chicago, Marekani, Aprili 2023.

Nieleze kwanza kwa nini Chicago. Kaka yangu mkubwa anaishi huko. Mimi humwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa zetu kwa Kiswahili cha Bukavu, na mwalimu wangu wa sarufi ameshanikatia neno hilo kwa kalamu nyekundu mara mbili. Sasa ni mara ya tatu. Yaya na mjomba walihamishiwa Marekani mwaka 2016 kutoka hapa Kampala, kwa faili moja. Faili la mama na langu lilikuwa tofauti, na faili hilo mpaka leo linasubiri. Yaya anakaa Rogers Park, kaskazini mwa mji, karibu na Ziwa Michigan, mtaa ambao una Wakongo wa kutosha hata mama akipigiwa simu ya video Jumapili anasikia Kiswahili kikipita nyuma ya Yaya barabarani. Mke wake, shemeji yangu, ni mtu wa Uvira, naye ni msaidizi wa walimu katika shule ya serikali. Mjomba anaendesha gari la kupeleka mizigo. Wote watatu walipata uraia mwaka 2022. Mwaka uliofuata wakapiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya Kimarekani, na mara hiyohiyo ya kwanza wakagombana.

Uchaguzi wa meya wa Chicago hauendi kwa vyama. Wagombea wote wanaingia katika karatasi moja, na asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura, wawili wa juu wanarudi uwanjani. Utaratibu huo ulianza kutumika 1999, lakini mpaka 2015 hapakuwa na haja ya kurudia, kwa sababu wakati ule mji ulikuwa na meya mmoja mwenye nguvu akifuatwa na mwingine. Tarehe 28 Februari 2023 wagombea walikuwa tisa. Paul Vallas alipata karibu asilimia 33, Brandon Johnson karibu asilimia 22, na meya aliyekuwa madarakani, Lori Lightfoot, akaishia na asilimia 17 tu, nafasi ya tatu. Meya aliye madarakani kunyimwa muhula mwingine na wapiga kura! Huko Chicago jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu 1983, Jane Byrne alipoangushwa na Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi wa mji huo. Nilipomweleza mama habari ya Lightfoot, aliuliza kama mama huyo bado yuko salama. Nikamwambia yuko ofisini, anamaliza muda wake.

Wakabaki wawili. Vallas aliwahi kuongoza shule za serikali za Chicago katika miaka ya 1990, kisha za Philadelphia na New Orleans. Alizungumzia usalama kuliko kitu kingine chochote, na chama cha askari polisi kilimwunga mkono. Johnson alikuwa mwalimu, kisha mpanga kazi katika chama cha walimu, kisha diwani wa Cook County. Yeye alisema uhalifu hauondoki kwa polisi peke yao, na akapendekeza kodi mpya za kufikia dola milioni 800 ili mji uwekeze katika shule, afya ya akili na ajira za vijana. Ukitaka watu wawili wanaotofautiana, huwezi kupata waliotofautiana zaidi ya hao. Na wote wawili ni watu wa chama kimoja, Democratic, jambo ambalo lilimpa mama taabu kuelewa.

Shemeji alikuwa wa Johnson tangu mwanzo. Chama cha walimu ni chama chake pia, kwa kuwa wasaidizi ni wanachama. Shuleni kwake muuguzi anakuja siku chache tu kwa wiki, na siku asipokuwapo mtoto akiumwa ni yeye anayekaa naye. Mjomba alikuwa wa Vallas. Mwaka 2022, saa kumi na mbili asubuhi, vijana wawili walimwekea bastola kichwani kwenye taa za barabarani na kuondoka na gari lake. Mtu aliyekimbia bunduki za Kivu, akapita Uganda, akavuka bahari, anashushwa kwenye gari lake kwa bastola Marekani. Alisema katika kundi letu la WhatsApp: "Mimi sikuja huku kufa kwa ajili ya Toyota." Yaya alikuwa katikati, akipigiwa kelele na pande zote mbili, mpaka wiki ya mwisho alipoweka picha yake na mkewe wakiwa na bango la Johnson. Mjomba akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Sitaurudia hapa.

Mama alisikiliza dakika zote nne, kisha akaniambia: "Mwambie Yaya afute hiyo picha." Hakukasirikia siasa yake. Aliogopa picha yenyewe. Kwa mama, mtu anayejulikana alimpigia nani ni mtu ambaye atatafutwa matokeo yakitoka. Nilimpigia Yaya, akacheka, akasema huku watu wanaweka mabango mbele ya nyumba zao. Picha haikufutwa, na mama akahesabu siku zilizobaki kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Tena alikuwa na swali jingine ambalo alilificha mpaka usiku wenyewe: "Kati ya hao wawili, ni yupi anapenda wageni?" Nilijua anachouliza. Tangu Agosti 2022 mabasi kutoka Texas yalikuwa yakishusha wahamiaji Chicago, na mama alikuwa ameona video zake. Akilini mwake meya akiwa mwema, faili letu litasogea. Nilimweleza kwamba mambo ya wakimbizi wanaohamishwa yanaamuliwa na serikali ya Washington, meya hana mkono humo. Akaniambia, "Serikali ni serikali." Sikuweza kumtoa hapo, na kusema kweli sikujitahidi sana.

Vituo vya Chicago vilifunguliwa Jumanne tarehe 4 Aprili saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa moja jioni. Huku Kampala hiyo ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano. Tunakaa Katwe, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande mmoja kitanda cha mama na marobota ya vitenge anavyouza, upande wa pili mimi na vitabu. Nilikuwa nimenunua bando na kuchaji simu mbili. Nilidhani mama atalala. Saa tisa kasorobo alikuwa ameshaketi, shuka mabegani.

Nimesoma Kiswahili miaka miwili chuoni, na nadhani mtihani wangu mgumu ulikuwa usiku ule, kumsomea mama ukurasa wa matokeo. Kila safu ya jedwali ilitaka neno. Chicago ina wadi 50, hilo lilikuwa rahisi. Kila wadi imekatwa vipande vidogo vya kupigia kura, jumla zaidi ya elfu moja, na ukurasa unaonyesha vingapi vimeshaleta hesabu. Nilisema "vituo vilivyoripoti", mama akasema kuripoti ni kwa polisi. Basi "vituo vilivyoleta", akakubali. Kura zilizopigwa kabla ya siku niliziita kura za mapema. Zilizotumwa kwa barua niliziita kura za posta, naye akataka kujua nani anaifungua hiyo barua njiani. Neno lililotushinda ni lile wanalotumia wanahabari wakiona mchuano umebana kiasi kwamba hawathubutu kumtaja mshindi. Nilijaribu "bado haijulikani". Mama akasema: "Inajulikana. Hawataki kusema tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka Desemba 2018. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30, na siku iliyofuata intaneti ikazimwa nchi nzima, pamoja na ujumbe mfupi wa simu, ikakaa hivyo karibu wiki tatu. Bibi yangu alikuwa Bukavu. Tulimpigia simu ya sauti kila jioni kutoka Kampala, naye alitujibu kwa mafumbo: "Mvua haijanyesha. Mawingu yapo." Matokeo yakatangazwa tarehe 10 Januari, usiku wa manane, na Tume ikayasoma kwa saa nyingi. Uganda nayo ilizima intaneti kwa siku tano wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, mimi nikiwa sekondari. Kwa mama, basi, kimya kati ya kura na jibu ndicho kipindi ambacho jambo fulani linafanyika mahali fulani. Ukurasa unaobadilika kila dakika chache haukumtuliza. Aliona ni ujanja mpya.

Mwenzangu wa darasa, Mkenya wa Kisumu, alinifundisha kufuata matokeo Agosti 2022, tume yao ilipoweka fomu za kila kituo mtandaoni ili kila mtu ajumlishe mwenyewe. Aliketi na kikokotoo siku kadhaa, chakula kikipoa. William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49, na mwenzangu akatuambia bwenini kwamba Kenya imeponea duru ya pili kwa nusu ya asilimia. Alilosema siku ile ndilo nililotumia usiku huu: usiangalie nani anaongoza, angalia wapi hawajahesabiwa. Nikawa nafungua ramani ya wadi. Kusini na magharibi mwa Chicago, kwenye mitaa ya Weusi, Johnson. Pembe za kaskazini-magharibi na kusini-magharibi, ambako askari na wazimamoto wengi hukaa kwa kuwa sheria inawataka watumishi wa mji waishi ndani ya mji, Vallas. Katikati ya mji kwenye maghorofa, Vallas. Kando ya ziwa upande wa kaskazini, Johnson tena. Wadi ya 49, ambayo ndiyo Rogers Park, ilikuwa ya Johnson kwa kishindo. Mjomba anakaa kaskazini-magharibi. Ukitazama ramani ungedhani familia yetu imegawanywa na mchora ramani.

Kwa muda mrefu majina mawili yalishikana. Pointi moja, pointi mbili, tena moja. Katika kundi la WhatsApp hakuna aliyeandika neno, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu. Saa kumi na nusu hivi nikasikia majirani wanaamka kula daku, maana ilikuwa Ramadhani. Masufuria, sauti ya chini ya redio, mtoto analia kwa kuamshwa. Mama Zawadi wa chumba cha pili akaona mwanga wetu, akagonga kuuliza kama kuna mgonjwa. Mama akamjibu kwamba hapana, tunahesabu kura. Kura za nani? Za Chicago. Mama Zawadi akarudi kwake, kisha akaja tena na chai na viazi, akasimama mlangoni akitazama simu kama sisi. Sidhani kama Paul Vallas na Brandon Johnson walijua kwamba Katwe nako kuna watu watatu wanaowasubiri.

Na sasa ilinibidi nijiulize mimi nilimtaka nani. Wakati wote nilijifanya mtazamaji. Hoja za shemeji nilizipenda, lakini kila nilipozifikiria niliona bastola kichwani kwa mjomba saa kumi na mbili asubuhi. Nadhani wote wawili waliahidi zaidi ya uwezo wa meya yeyote, mwenye baraza la madiwani 50 la kushawishi na deni kubwa la pensheni la kulipa. Nilimtaka Johnson. Nilifurahi tu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Kabla jua halijachomoza Kampala, pengo lilikuwa limefunguka, si kubwa, chini ya pointi tatu, lakini vituo vilivyobaki havikutosha kulifunga. Vyombo vya habari vikamtaja Johnson. Mama akashtuka: "Redio ndiyo inatangaza? Tume iko wapi?" Nikamweleza kwamba tume ya mji inatoa namba tu, na namba hizo bado si rasmi; waandishi wa habari wanapiga hesabu na kusema wanachokiona; hesabu rasmi itakuja baadaye. Akaona ni nchi ya ajabu, ambayo mtu wa gazeti anatangaza na watu wanakubali. Muda si mrefu Vallas akapanda jukwaani na kuwaambia wafuasi wake kwamba amempigia Johnson simu. Baadhi walipiga kelele za kukataa. Yeye akaendelea kuongea.

"Amempigia simu?" mama akauliza. "Kabla hawajamaliza kuhesabu?"

"Ndiyo."

"Na nani yuko naye pale? Walinzi?"

"Mke wake na watoto, nadhani."

Alinyamaza muda mrefu kidogo. Kisha akaniambia nimtafute mjomba.

Nilimwandikia mjomba pembeni, nje ya kundi, kwamba mama anamsalimu. Hakujibu. Katika kundi shemeji hakushangilia, na hilo lilikuwa tendo la adabu kuliko yote ya usiku ule, maana ninajua alivyokuwa akiruka sebuleni. Yaya alinitumia video yake. Ilipita kama saa moja. Ndipo mjomba akaandika: "Sawa. Ila akishindwa kuwakamata walioiba gari yangu nitakuja kulala kwenu." Yaya akajibu kwamba kochi lipo. Mama aliposomewa akasema mtu anayetania hajanuna, akajilaza, na saa mbili asubuhi hiyohiyo alikuwa tayari yuko sokoni na vitenge vyake. Mimi nilisinzia darasani.

Jambo moja lilinikera, na bado linanikera. Nilipotazama idadi ya waliopiga kura, haikufika asilimia 40 ya walioandikishwa. Katika mchuano ule! Watu wenye kadi, wenye saa kumi na tatu za kupiga kura, wenye kura za mapema na za posta, zaidi ya nusu yao hawakujitokeza. Mimi nina miaka 21 na sina mahali popote duniani ninapoweza kupiga kura. Kongo siko, Uganda mimi ni mkimbizi, Marekani ni faili. Nilimwambia Yaya hivyo kwa hasira. Akaniambia jirani yake, Mmarekani wa kuzaliwa, alimwuliza siku ile kwa nini anavaa vizuri, kumbe hakuwa na habari kwamba kuna uchaguzi.

Kura za posta ziliendelea kupokelewa hadi tarehe 18 Aprili, mradi bahasha iwe na muhuri wa siku ya uchaguzi au kabla yake. Mama hakuwa amesahau. Kila jioni alipotoka sokoni aliuliza, "Barua zimefika ngapi?" Zilikuwa zikiongeza pengo la Johnson, si kulipunguza, mpaka likazidi pointi nne. Hesabu ilipokamilika nilimsomea polepole: Brandon Johnson 319,481, Paul Vallas 293,033. Alitaka tofauti. Nikatoa kwa kalamu nyuma ya risiti yake ya vitenge: 26,448.

"Na hao wa pili," akasema, "laki mbili na tisini na tatu elfu. Wako wapi sasa?"

"Wako nyumbani kwao, mama."

"Wote?"

"Wote. Mjomba naye yumo."

"Mjomba wako yuko kazini saa hizi," akasema, akakunja risiti na kuitia ndani ya mkoba wake wa pesa.